Geti la Barabara ya Mbio

Wapendwa, salamu zangu zitakuwa fupi. Nikianza kumsalimia mmoja mmoja nitapata sababu ya kukaa chini bila kusema lililonileta. Mchungaji ameniomba mara tatu nisimame hapa. Mara mbili nilimjibu kwamba nina kazi, na haikuwa kweli. Niliogopa, kwa sababu humu ndani wako wanaojua nusu ya habari yangu. Nusu hiyo niliwapa mimi mwenyewe, na ni ya uongo. Majina ya watu sitayataja. La kwangu mnalo, linatosha.

Nilifika Dallas kutoka kambi ya wakimbizi na mke wangu na watoto wawili, tukapewa nyumba hapahapa Vickery Meadow kama wengi wenu. Nilifanya kazi depo, kupanga makatoni, miaka minne, mpaka mgongo ukakataa. Ndipo rafiki akaniambia kuna kampuni ya ulinzi inatafuta watu wa kusimamia shughuli kubwa, mechi na matamasha. Nikajaza fomu kwenye simu, wakanichukua. Ilikuwa kazi ya kusimama tu, na kizibao cha rangi ya machungwa. Nawaambia ndugu zangu, mtu aliyebeba makatoni miaka minne, ukimpa kazi ya kusimama anaona amepandishwa cheo na Mungu mwenyewe.

Mwaka ule wakaleta mbio za magari mjini. Si uwanjani. Barabarani, barabara hizihizi anazopita basi. Malori yalileta kuta za zege, wakazipanga pande zote mbili za lami, juu yake wakaweka uzio wa waya mrefu kuliko nyumba tulizoacha kambini. Kwa siku tatu mtaa ukawa wa magari ya mbio, yale mapana, yaliyolala chini kama yananusa lami. Yakipita, kifua chako kinatetemeka. Halafu kuta zinang'olewa na basi linarudi, kama vile hakikutokea kitu.

Sasa, katikati ya mzunguko huo kulikuwa na majengo ambamo watu wanaishi. Wao waliwekewa mageti. Shindano moja likiisha na jingine halijaanza, geti linafunguliwa dakika chache, wenye stika ya wakazi kwenye kioo wanavuka, linafungwa tena. Mimi nililinda geti moja. Siku ya pili shefu wetu, msimamizi wa walinzi, akanipa redio ya mkononi, akasema niwe mkubwa pale, juu ya wenzangu wawili. Sitawaficha: niliipenda ile redio. Nilijipiga picha nayo nikamtumia mke wangu.

Asubuhi ya Jumapili, wakati ninyi mlikuwa hapa mnasali, shefu alituonya. Alisema jana kuna mlinzi alimpitisha mtu wa kwao bila stika, na amefukuzwa. Kisha akanitazama mimi, akasema watu wa kwetu tuna ndugu wengi mno. Wenzangu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Mchana mbio ndogo ziliisha, zile kubwa bado. Njia ilikuwa tupu na muda wa kuvusha watu ulikuwepo. Likaja gari dogo la kijivu likitokea kwenye majengo ya ndani, mama mmoja anaendesha, pembeni yake mzee, mume wake. Stika hakuna. Baadaye nilikuja kujua kwamba gari lao lilikuwa gereji, hili walikuwa wameliazima, na stika ilibaki kwenye lile bovu. Mama alianza kwa Kiingereza cha kutafuta maneno. Halafu akasoma jina langu kwenye kitambulisho kifuani, na uso wake ukafunguka. Mnaijua furaha ile ya kumkuta mtu wa kwenu wakati wa shida. Akasema:

"Ndugu yangu, tafazali. Mume wangu anaumwa, hata kusema anashindwa. Utufungulie tupite."

Shefu alikuwa amesimama hatua kama ishirini. Nikamjibu yule mama kwa Kiingereza. Nilimwambia bila stika hapiti, azunguke geti la upande wa pili. Akarudia maneno yake kwa Kiswahili, polepole, kama anayemwelekeza mgeni. Nikarudia yangu kwa Kiingereza. Akaniuliza kama mimi si mtu wa kwao. Nikatikisa kichwa kwamba simwelewi.

Akageuza gari.

Kwenye geti la pili foleni ilikuwa ndefu. Kabla hawajafika mbele, magari ya mbio kubwa yakawashwa na mageti yote yakafungwa. Tangu nyumbani mama alidhani ni sukari ya mzee imeshuka, ndiyo maana hakuita ambulensi. Aliita pale kwenye foleni, mzee alipomlalia begani. Kumtoa mtu ndani ya mzunguko wa mbio si kazi ndogo, ikachukua muda. Ilikuwa kiharusi. Daktari alimwambia mama kwamba kuna dawa ya kiharusi, lakini dawa hiyo ina saa yake, na saa hiyo imeshapita.

Mzee hakufa. Lakini upande wake wa kulia ulikufa, na maneno yake yakaenda pamoja nao.

Jumanne nikaitwa ofisini. Shefu alikuwa ameketi. Mezani palikuwa na karatasi ya masharti, ile niliyotia saini bila kuisoma, imeandikwa wazi kwamba mgonjwa apitishwe wakati wowote njia ikiwa tupu. Shefu akasema hakumbuki kumwambia mtu yeyote habari ya kufukuzwa. Wakanipa karatasi nyingine niandike nilichoona. Nikaandika kwamba sikuona mgonjwa, niliona mtu amesinzia kwenye kiti. Wakaipokea haraka mno. Karatasi ile ilinilinda wiki mbili, kisha hawakunipigia simu tena kuniita kazini. Wao iliwalinda zaidi. Mama alipolalamika, walimjibu kwamba mlinzi hakuona mgonjwa, na kwamba yeye mwenyewe hakujieleza kwa lugha inayoeleweka.

Habari ikafika hapa kanisani. Kila aliyenitazama nilimwambia: sikuona. Mke wangu akaniuliza siku moja kwa nini najibu swali ambalo hakuna aliyeuliza. Nikaanza pombe. Kwanza ilikuwa bia baada ya ibada, baadaye ikawa kabla ya ibada, halafu ibada yenyewe ikaondoka. Binti yangu alinikuta nimejikojolea kwenye kochi, akamwita mama yake kwa Kiingereza, bila hata hasira, akasema baba amefanya tena. Lile neno "tena" ndilo lililomfanya mke wangu anifungie mzigo.

Nikaenda Houston, Sharpstown, kwa binamu yangu. Nikapata kazi kiwanda cha kufungasha nyama, na nikaendelea kunywa. Mwaka uliofuata mbio zilirudi Dallas, nikaziona kwenye simu. Kuta palepale, geti palepale. Shefu alikuwa kwenye picha, amesimama nyuma ya mshindi, ana kizibao kipya.

Miaka miwili na nusu ikapita. Kukawa na msiba wa mtu wa kwetu huko Sharpstown, watu wakaja hadi kutoka Dallas. Nilikuwa nagawa chai. Nikamwinamia mama mmoja, nikamuuliza kwa adabu kama anatia sukari. Hakunyoosha mkono kupokea kikombe. Alisema kwa sauti ya chini:

"Kumbe unajua Kiswahili."

Nilimtambua kwa sauti kabla sijatazama uso. Nikaweka birika chini. Watu walikuwa wanaimba, hakuna aliyegeuka. Akaniuliza kitu kimoja tu, kama siku ile niliuona uso wa mume wake.

Wapendwa, hii ndiyo nusu nyingine. Niliuona. Mdomo wake ulikuwa umeshuka upande mmoja, mate yanatoka, na mkono wa kulia umelala pajani kama mkono wa mtu mwingine. Alikuwa ananitazama. Nilimwona kama ninavyowaona ninyi sasa hivi. Nikamwambia mama hivyo.

Nilingoja kofi. Yeye akafumba macho, akasema kwamba miaka yote hiyo anaambiwa alisema uongo, na hata watoto wake walianza kumuuliza kama ana hakika alijieleza vizuri. Nikamwomba msamaha. Akanijibu:

"Msamaha sina. Nina mume ambaye siwezi kumgeuza peke yangu. Jumamosi tuko nyumbani."

Wiki ile ile nilipanda basi nikarudi Dallas. Niliandika maelezo mapya, ya kweli, nikayatia saini mbele ya mwanasheria. Akayasoma, akasema muda wa kushtaki umeshapita. Kampuni haijajibu mpaka leo. Nalisema hili ili mtu asijidanganye kwamba ukweli ukisemwa, mambo yananyooka. Wangu ulikuja umechelewa, ukakuta hakuna anayeuhitaji isipokuwa mama mmoja.

Jumamosi ya kwanza mzee aliponiona aligeuza uso ukutani. Miezi mitatu nilimwosha, nikamnyoa, nikambadilishia shuka, na hakunitazama. Maneno yaliyombakia ni "hapana" na jina la mke wake. Halafu, mjue, mzee huyu alipenda magari. Ijumaa ile ya mazoezi, siku mbili kabla ya kiharusi, alikaa kwenye baraza yao ya ghorofa ya tatu tangu asubuhi, akiyahesabu yakipita. Sasa Jumamosi moja televisheni ilionyesha mbio za mji mwingine, kuta za zege zilezile. Nikanyoosha mkono nizime. Mzee akasema hapana. Akachukua rimoti kwa mkono wa kushoto, akaongeza sauti mpaka kioo cha dirisha kikalia, na wala hakuitazama televisheni. Alinitazama mimi, tangu magari yalipoondoka mpaka yalipofika. Mama alikuwa jikoni, hakuja kupunguza sauti. Nilikaa. Zilipoisha, mzee akanipa mkono. Nikadhani ananipa amani. Alitaka nimgeuze upande.

Leo nina mwaka na miezi miwili bila pombe, na kabla ya hapo niliacha nikaanguka mara mbili. Nimesomea kuhudumia wagonjwa, nafanya kazi katika nyumba ya wazee. Mke wangu amenipokea. Binti yangu ananijibu, ingawa bado anakaa kiti cha mbali.

Namshukuru binamu yangu aliyenivumilia. Nawashukuru ninyi wa kikundi cha Jumatano cha kuacha pombe, mlionisikiliza nikidanganya mkaniacha niendelee kuja. Namshukuru mke wangu. Na namshukuru yule mama, ambaye hajanisamehe, nami nimeacha kumuuliza. Kila Jumamosi ananipakulia chakula kwenye sahani ya wageni, na mimi nakula.

Mkiniuliza nimejifunza nini, sina kubwa. Kama kuna mtu uliyemuumiza, usingoje akusamehe ndipo uanze kumsaidia kubeba. Unaweza kungoja mpaka akafa na mzigo wake mgongoni, na wewe bado unapanga maneno.

Mniwie radhi, sitakaa kwa nyimbo. Mzee hugeuzwa kila baada ya saa mbili, na leo pia zamu ya saa nane mchana ni yangu.