Risala ya Klabu ya Jumamosi Juu ya Gia ya Mshonaji

Mgeni rasmi, fundi wetu wa baiskeli, ambaye tulizoea kukuita Baba,

MAKARIBISHO
Karibu katika chumba chetu. Kwa miezi mitano umepita mlangoni hapa bila kugeuza shingo, na hatukulaumu. Umekubali kukaa kiti cha mbele leo, nasi hatujui tukutazame wapi.

HISTORIA
Klabu ilianza na watu saba na baiskeli nne, zote ukazifunga wewe. Kila mwenye baiskeli ulimuuliza anakaa wapi na magoti yake yakoje, ndipo ukamchagulia gia. Wa bondeni uliwapa gia za nyuma ndogo ndogo, zinazopishana jino moja moja, ili kwenye tambarare miguu isibadili mwendo ghafla. Wa mlimani uliwawekea ile pana ya meno thelathini na mawili, inayofanya pedali ziwe nyepesi penye mwinuko. Ulituambia, "Mlimani chagua gia utakayoiweza ukiwa umeshachoka." Tuliitikia kwa vichwa tu.

MAFANIKIO
Tulishinda mashindano mawili, yote ya tambarare. Vichwa vikavimba.

CHANGAMOTO
Hapa ndipo tunapoona haya. Tulipiga kura ya kunyoosha mikono kwamba klabu nzima ifunge gia za mbio, zile ndogo ndogo, kwa sababu ile pana, tulisema, inafanana na mfuniko wa sufuria. Binti yako mshonaji peke yake hakunyoosha. Alisema anakaa juu kilimani, na baba yake hakumfungia pambo. Tulimcheka mpaka akanyamaza.

Siku ya mashindano ya kilima, akiwa kwenye foleni ya kujiandikisha, gia yake ilifunguliwa ikafungwa nyingine. Alipogundua, filimbi ilikuwa inapulizwa. Katikati ya mlima sisi sote tulishuka tukasukuma baiskeli. Yeye hakushuka, kwa kuwa tulikuwa tumemcheka. Karibu na kilele goti likamteguka. Cherehani yake ni ya kukanyaga, na mpaka leo anashona kwa mguu mmoja.

MAOMBI
Hatuombi ututengenezee chochote. Tunaomba ruhusa ya kuja nyumbani kumwomba radhi mbele yako. Salamu tumemtumia mara tatu, akajibu mara moja tu: "Aliyefungua gia yangu ni mtu, ana mikono. Aje huyo, si klabu."

Mgeni rasmi, wenzangu walishauri niandike "ilifunguliwa", na nimeandika hivyo. Lakini spana niliishika mimi, katibu ninayekusomea. Wengine walikuwa kando wanakunywa maji. Nilitaka picha ya klabu ipendeze, baiskeli zote zifanane. Nimeona aibu kulisema hili kwa miezi mitano, na naona aibu sasa. Ukiniruhusu, nitakuja peke yangu.

Mungu akupe afya na subira juu yetu, na goti la mwanao lipone kabisa.

Ni mimi, katibu,
na nyuma yangu wanachama wa Klabu ya Baiskeli ya Jumamosi.