Picha ya Babu

Kwenye basi la Stratford Road, nesi mmoja Mkenya alimlalamikia Mkongo aliyeketi naye kwa sauti iliyomfikia hata dereva. Mwanawe anaoa katika familia ya Wamarekani weusi wenye jina.

“Wana kitabu cha ukoo! Babu wa kwanza alizaliwa mtumwa, mwanawe daktari, mjukuu jaji. Vizazi sita, na picha! Mimi niliyezaliwa Afrika yenyewe, nikipita guka, babu yangu tu, simjui mtu.”

“Ungewaambia tu babu yako alikuwaka chef, maman.”

“Si niliwaambia alikuwa chifu! Sasa wanataka picha yake.”

Mkongo akamwonyesha simu: mzee aliyevaa ngozi ya chui. “Huyu babu yangu alikuwaka chef kweli. Uwapatie yeye.”

Nesi aliikodolea macho mpaka basi likasimama Sparkhill.

“Kumbe hata wewe unaye,” akasema, kwa uso wa mtu aliyeibiwa.