Maurine wa Gesi, Ryan wa Picha

Zimeni hiyo televisheni, msogee karibu, maana sauti yangu siku hizi haifiki hata mlangoni, nami sina nguvu ya kusema jambo mara mbili. Sylvance, mwanangu wa pekee, keti hapa kitandani niuone uso wako. Maurine na Ryan, wajukuu zangu, simameni hapo miguuni pangu, na mwache kutazamana hivyo, mtajifichua kabla mimi Dani yenu, bibi yenu, sijafungua kinywa. Akili yangu mimi Truphena, mjane wa Odera wa reli, bado ni timamu. Ni mwili tu uliochoka, na yule daktari alipoanza kuniita shosho kwa sauti ya huruma nilijua mambo yameiva.

Msiniletee nyuso za matanga. Nimeishi Mbotela tangu nilipoletwa bibi arusi, nimekula chumvi nyingi, nimecheka kuliko nilivyolia, kwa hiyo sikilizeni vizuri.

Nyumba hii ni ya kaunti, siwezi kumrithisha mtu kuta za wenyewe. Cherehani ipelekeni kwa akina mama wa kanisa. Sufuria kubwa apewe jirani yangu Wanja, ambaye tulinuniana kwa ajili ya kamba ya kuanikia nguo mpaka tukazeeka. Mwambieni yameisha, na siku ya mazishi akae mbele kabisa, ila asipewe maikrofoni. Kibanda cha Kariobangi, nilichoshonea sare za shule mpaka macho yakagoma, ni cha hawa watoto wawili, wakigawe kwa pazia katikati, kila mmoja na kazi yake.

Kazi yenyewe sasa ndiyo iliyonifanya niwaite. Sylvance, Januari uliwapeleka chuo cha ufundi, ukamwandikisha Ryan kozi ya mabomba ya gesi kwa sababu ni mvulana, na Maurine ukamwandikisha grafiki ili aketi kivulini mbele ya kompyuta, ukarudi hapa unajipiga kifua. Basi jua leo kwamba tangu wiki ya kwanza hawa wamebadilishana. Maurine ndiye anayeingia darasa la gesi, Ryan ndiye anayechora.

Keti. Nimesema keti, bado sijafa.

Walimu wao wanajua, na wamewaambia tangu zamani mzazi aje abadilishe majina, lakini wakakuogopa wewe wakaja kwangu. Nikasema nitakwambia, kisha nikaugua. Sasa majina ya mtihani yanafungwa Ijumaa hii. Usipoenda, Ryan atapewa spana mbele ya msimamizi, na huyu mtoto, mnajua wenyewe, hata kifuniko cha chupa ya jemu humwita dada yake aje amfungulie. Mwaka wao wote utapotea, tena kwa jambo la asubuhi moja tu.

Wewe Sylvance, mtungi mpya ukiletwa hapa huwasha kiberiti ukakipitisha shingoni mwake uone kama gesi inavuja, kama ulivyofundishwa na rafiki zako wa Shauri Moyo, na ni Mungu tu aliyekuachia hizo nyusi. Mwezi uliopita Maurine alininyang'anya kiberiti. Akakoroga sabuni kikombeni, akapaka povu kwenye kichwa cha mtungi na kwenye mpira wa kupitishia gesi, na pale mpira unapofungwa povu likaanza kufura. Akafunga gesi, akafungua madirisha, akakata ncha iliyochakaa, akakaza upya, akapaka tena mpaka povu likatulia. Wakati wote huo alikuwa akiimba. Mikono yake haikusita hata kidogo, nami nikafurahi mpaka nikasahau maumivu ya mgongo.

Na Ryan, nilimwomba anichoree programu ya mazishi yangu. Ndiyo, usinikodolee macho, nilitaka kuiona nikiwa hai, kwani wengine wote huonyeshwa wakiwa wamechelewa. Akaniletea kwenye simu nikiwa nimefutwa makunyanzi yote, msichana wa kwaya kabisa. Nikamwambia ayarudishe moja moja, nimeyatolea jasho. Sasa imependeza, hata natamani nije kama mgeni.

Lete maji, Maurine. Kidogo. Inatosha.

Sylvance, najua kisa si ubaya, ni woga. Unaogopa gesi itamchoma binti yako, unaogopa watu watamcheka akibeba spana, na kwamba huyu kijana atakufa njaa akichora. Unawapenda, nami nakupenda kwa hilo. Lakini aliyefunzwa kuishika gesi huniogopesha kidogo kuliko wewe na kiberiti chako.

Pumzi inakata. Ngojeni.

Mnizike nyumbani kwa Odera, upande wa kushoto wake. Msinunue jeneza la kujionyesha. Chai iwe na maziwa ya kutosha, watu wametoka mbali. Na siku ya Ijumaa... Sylvance, siku ya Ijumaa utaenda? Usiniambie tutaona. Hiyo tutaona yako naijua tangu ukiwa na kamasi.

Nini? Sema kwa sauti, Ryan analia, hajasikia.

Utaenda. Haya. Ahsante, baba.

Njooni sasa, nipeni viganja nivitemee mate, bibi yangu alinibariki hivyo hivyo. Ryan, macho yako yasichoke, na kazi yako ipite mikono ya watu wengi. Maurine... Mungu akulinde kwenye kila nyumba utakayoingia, na utoke mzima, na uwaache wazima.

Na baraka hii haijakamilika. Inamngoja baba yako. Sylvance, mtazame binti yako. Mwite kwa kazi yake, hapa, nikisikia.

Tena, mwanangu. Usimnong'oneze.

Fundi Maurine. Eeh. Umesikia, mama, baba yako amesema fundi. Sasa niacheni nilale.