Ukuta Mweupe wa Sedekia Mwambene

Kamwene, wasikilizaji wapendwa wa Iringa. Mugonile, wasikilizaji wapendwa wa Mbeya. Ni mimi Anjela Mgaya, na leo sina haraka. Punguza moto wa maharage, vuta kiti, tukae kidogo. Leo tunamkumbuka dereva wa lori. Anaitwa Sedekia Mwambene. Nimesema anaitwa, sikusema aliitwa, maana ulimi wangu bado haujazoea.

Sedekia Mwambene, mkazi wa Uyole, Mbeya. Dereva wa lori kwa miaka thelathini na moja. Mpiga picha kwa miaka kumi na minne. Amefariki Jumanne iliyopita baada ya kuugua kwa muda mfupi. Alikuwa na miaka hamsini na nane. Tulimzika Ijumaa, hapo hapo Uyole.

Mpiga picha, ndiyo, lakini si wa harusi wala wa paspoti. Alipiga picha kwa sababu anapenda, basi. Alianza na simu. Baadaye akanunua kamera ya mtumba, mkanda wake umeshonwa kwa uzi wa viatu. Kamera ilikaa kiti cha abiria. Ole wako uombe lifti ukae juu yake!

Mkewe, mama Pendo, alinisimulia huku akitabasamu na machozi yanamtoka. "Huyu mwanaume akifika nyumbani haulizi chakula. Anauliza chaji. Nikimwambia baba Pendo, oga kwanza, ananijibu, ngoja nikuonyeshe ukungu wa Igawa. Mwanangu, mimi ukungu wa Igawa nimeujua kabla sijamjua yeye!"

Wasikilizaji wapendwa, lori la Sedekia lilipita barabara kuu ile ile, wiki hadi wiki. Anapakia mchele Chimala, anapita Makambako, Mafinga, Iringa, anateremka Ruaha Mbuyuni, anaendelea zake. Kisha anageuza. Na njia nzima anapiga picha. Mama wa mchele anapepeta. Fundi wa matairi amelala chini ya semitrela, miguu tu inaonekana. Wazee wawili Mafinga wamevaa makoti mazito, wanagombania gazeti moja.

Sasa sikilizeni utaratibu wake, maana ndipo hadithi ilipo. Kila picha ya mtu aliipeleka studio ya Mwanjelwa, Mbeya, isafishwe. Nyuma anaandika kwa kalamu: Chimala, mama mwenye kilemba chekundu. Mafinga, mzee wa kushoto. Anazipanga kwenye kopo la biskuti. Safari inayofuata anasimamisha lori na kumkabidhi mtu picha yake. Mwenyewe aliziita picha za kurudi. Na picha ya mtu haikuonyeshwa popote mpaka mwenye sura ameipokea mkononi. Ilikuwa hivyo kila safari, kwa miaka yote, isipokuwa mara moja tu.

Miaka sita iliyopita, Sedekia na wenzake walianzisha kundi la wapenda picha. Linaitwa Jicho la Nyanda. Leo lina watu mia moja na arobaini, wa Mbeya na wa Iringa. Kuna walimu, wauguzi, bodaboda, mchungaji mmoja. Na mimi nimo. Tunatumiana picha kwenye wasapu, na kila baada ya miezi miwili tunakutana. Tunafunga kamba ukumbini, tunabana picha kwa vibanio vya nguo, tunazizunguka na vikombe vya chai. Sedekia hakuvumilia mtu aseme tu "nzuri" halafu apite. Atakushika mkono. "Nzuri ni chai. Hapa umeona nini?" Utasimama, utatazama tena, utasema. Hivyo ndivyo watu wazima tulivyofundishwa kutazama, na dereva wa lori. Mimi najivunia hilo, sifichi.

Mwaka juzi tukaamua kufanya maonyesho yetu ya kwanza, Iringa mjini. Ukumbi wa kweli, watu wa nje wamealikwa. Picha sabini na mbili. Na ukutani, ukiingia tu mlangoni, nafasi kubwa kuliko zote imetengwa kwa picha moja, ile itakayopigiwa kura nyingi na wanakundi. Kura zinafungwa Jumapili jioni.

Kila mkutano tulipigia kura picha bora, na Sedekia hakuwahi kushinda hata siku moja. Miaka yote hiyo! Mara wa pili, mara wa tatu. Na alitaka, jamani. Alijifanya hajali, lakini alitaka.

Ijumaa ya wiki ile alikuwa Ruaha Mbuyuni, kwenye banda la kuchambulia vitunguu. Akamwona mwanamke amekaa katikati ya lundo jekundu la vitunguu. Mikono inachambua haraka, haisimami. Machozi yanamiminika mashavuni, na yeye hayafuti. Mwanga unapita kwenye matundu ya bati. Sedekia akapiga. Lori lilishapakiwa, akaondoka.

Kwa utaratibu wake, picha ile ingesubiri. Aisafishe, arudi, amkabidhi yule mama. Lakini kurudi kulikuwa ni wiki ijayo, na kura zinafungwa Jumapili. Akaituma kwenye kundi. Chini akaandika: Kitunguu hakina huruma.

Tulicheka! Wasikilizaji wapendwa, kundi lilifurika vikatuni vya kucheka. Kila mtu na utani wake. Na mimi, mtangazaji wenu, mwenye mdomo usiofungwa, niliandika hivi: Kitunguu kimeshinda kwa nokauti, raundi ya kwanza! Nilijiona mchekeshaji kweli.

Picha ikashinda. Kura sitini na moja. Mama Pendo akamshonea mumewe shati la kitenge kwa ajili ya siku ile. Picha ikasafishwa kubwa, urefu wa mlango.

Siku nne kabla ya maonyesho, Sedekia akapita tena Ruaha Mbuyuni, na picha ya kurudi mkononi. Alikwenda kwa furaha. Yule mwanamke anaitwa Matilda Chengula. Aliitazama picha, wala hakuipokea. Akamuuliza, "Kumbe ni wewe?"

Kumbe alikuwa ameshaiona. Mtu wa kundi letu alimtumia mtu, naye akamtumia mtu, na wiki nzima picha ikazunguka kwenye simu za watu, na utani wetu wote chini yake. Ilimfikia Matilda akiwa msibani.

Ijumaa ile, wasikilizaji wapendwa, Matilda alikuwa amepigiwa simu kutoka Makongolosi. Mdogo wake wa pekee, Goodness, amefariki. Ameugua siku tatu tu. Basi la kwenda kule lilikuwa halijafika. Matilda akarudi kukaa kwenye vitunguu, akachambua, kwa sababu hakujua mikono aifanyie nini. Kitunguu hakikuwa na kosa lolote.

Sedekia akamwambia, "Dada yangu, nilidhani ni kitunguu."

Matilda akamjibu, "Ungeniuliza."

Sedekia mwenyewe ndiye aliyetusimulia haya. Aliomba radhi, akarudi kwenye lori, akakaa bila kuwasha injini. Kisha akachukua simu, akampigia msimamizi wa maonyesho, Naima Selemani, muuza vitenge wa Iringa mjini. Da Naima yupo hapa studio, alitaka aseme mwenyewe.

"Mimi nilimkatalia, Anjela. Nilimwambia, kaka Sede, jamani, unatuvunjia shughuli! Kadi zimeshatoka, na hiyo ndiyo picha yetu bora. Watu wa Iringa hawamjui huyo mama. Akaniambia, da Naima, ukiibandika, na jina langu ulifute kwenye kundi. Hakupandisha sauti. Nikajua hapo nimeshindwa."

Wala hakuishia hapo. Alitupigia simu mmoja mmoja. Watu mia na kitu! Siku tatu, kila kituo alichosimama. "Ifute. Na uliyemtumia, mwambie afute." Aliponifikia mimi, nikaanza utani kidogo. Akarudia neno lile lile, "Ifute." Nikaona aibu. Nikafuta.

Tukamshauri, basi weka picha nyingine pale mlangoni. Unazo elfu. Akakataa. Siku ya maonyesho watu wakaingia, na kitu cha kwanza walichokiona kilikuwa ukuta mweupe. Mtupu. Katikati kuna karatasi moja ya daftari, mwandiko wa Sedekia: "Picha iliyoshinda haipo. Niliipiga bila kuuliza, nikaicheka bila kujua. Mwenye sura hajaniruhusu. Sedekia Mwambene, dereva."

Amevaa shati lake jipya la kitenge, amesimama pembeni ya ukuta ule. Kila aliyetaka kuuliza alimuuliza yeye, na yeye akajibu kila mtu. Nimeona watu wazima wakipita picha sabini na moja wakiwa na chai mkononi, wakirudi kusimama mbele ya ukuta. Baba mmoja pembeni yangu alitoa simu, akaanza kufuta vitu. Sijawahi kujivunia kundi letu kama siku ile, na pale mlangoni hatukuwa tumeonyesha kitu.

Tangu hapo Jicho la Nyanda lina sharti moja tu kubwa: mwenye sura kwanza. Na Sedekia aliendelea kusimama Ruaha Mbuyuni kila safari. Mara ya kwanza Matilda hakumsalimia. Mara ya pili aliitikia. Sijui ilikuwa mara ya ngapi alipomletea kiti.

Ijumaa, msibani Uyole, nikamwona mwanamke amekaa na mama Pendo, amemshika mkono. Nikaambiwa ndiye Matilda. Amesafiri tangu alfajiri. Nikajikaza, nikamfuata. Nikasema, shikamoo dada, mimi naitwa Anjela, mimi ni mmoja wa waliokucheka.

Akaniangalia sana. Akasema, "Najua. Jina lako nililisoma."

Miaka miwili, wasikilizaji wapendwa. Miaka miwili anasikiliza redio, ananisikia nawatania, na jina langu analijua. Nililia pale pale, wala sikuona haya. Yeye akanisogezea nafasi kwenye mkeka, nikakaa. Tukakaa hivyo mpaka jeneza likatolewa.

Mama Pendo, wanao Pendo na Ambrosi, na ukoo wote wa Mwambene, poleni sana. Poleni madereva wenzake wa barabara kuu. Mliishi na mtu mkubwa, na sisi mlitugawia. Ndaga fijo, asanteni sana. Mungu amlaze mahali pema.

Nanyi mnaonisikiliza, kabla ya kulala fungueni simu zenu. Kuna mtu humo ulimpiga picha sokoni, njiani, kanisani, msikitini. Ulimuuliza? Kama ulimcheka, ulijua anachokibeba? Mimi nimeanza na yangu. Haipendezi, lakini inawezekana.

Na neno moja la mwisho. Tulipotoka makaburini, Matilda alimwita da Naima na mimi. Akasema, "Ile picha ya vitunguu. Alikuwa ananiuliza kila akipita, na mimi nilikuwa namwambia bado. Sasa ibandikeni. Ila maneno yake naandika mimi."

Jana tumeibandika Iringa, ukumbi ule ule, pale pale mlangoni, ile ile kubwa iliyokuwa imehifadhiwa. Chini yake kuna mwandiko wa Matilda Chengula, nawasomea kama ulivyo: "Hapa namlilia mdogo wangu Goodness. Aliyenipiga picha ni Sedekia. Alirudi kuniuliza."