Mwalimu Kona na Ramani Iliyofungwa

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mwalimu Kona, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1958 katika nyumba ya chumba kimoja nyuma ya posta, mtoto wa kwanza wa fundi seremala na mama mshonaji. Alikuwa mbishi tangu utotoni. Mama yake alikuwa akisema kwamba mtoto huyo aliuliza "wapi?" kabla hajajua kuuliza "nini?"

Alisoma shule ya msingi karibu na nyumbani, kisha sekondari ya bweni, ambako alinyang'anywa riwaya darasani kila muhula. Alihitimu chuo cha ualimu mwaka 1981, akafundisha fasihi na historia mpaka alipostaafu mwaka 2018.

Wanafunzi wake walisinzia kila walipofika kwenye riwaya ya kihistoria ya mji wao, ile ya mkunga aliyekatiza mitaa wakati wa amri ya kutotoka nje, amebeba mtoto asiye wake. Hilo lilimkera kupita kiasi. Akaanza kuwatoa nje, kitabu mkononi, wafuate njia ya mkunga, huku akisimama kila kona kugombana na mwandishi: "Huyu bwana hajawahi kupanda kilima hiki! Mtu na mtoto mgongoni, afike sokoni kabla jua halijazama? Thubutu!" Jina la Kona lilianzia hapo.

Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na muuguzi mwenye subira kuliko sisi sote. Mkewe anasimulia kwamba matembezi yao ya uchumba yalimwachia malengelenge miguuni. "Nikadhani nachumbiwa, kumbe napimishwa barabara!"

Baada ya kustaafu alijifunza kompyuta kwa binti yake, kwa ugomvi mwingi, akatengeneza ramani ya kwenye mtandao. Ukibonyeza kona, mitaa ya zamani ilijitokeza juu ya mitaa ya leo, na mkazi wa hapo akakusomea ukurasa wa riwaya uliotokea mahali hapo. Kinyozi alisoma maneno ya askari. Mama yake mzazi, akiwa na miaka themanini na ushee, alisoma ya mkunga. Alikohoa katikati, na mwanawe akakataa katakata kukiondoa kikohozi. Vijana ambao hawakuwahi kumaliza kitabu wakaanza kuonekana kilimani na simu zao, wakibishana kama yeye.

Maktaba kuu iliomba kuihifadhi ramani, naye akawakabidhi kila kitu kwa moyo mweupe. Hata kompyuta yake ilipokufa na nakala zote, hakushtuka. Mama akafariki, naye akafarijika kwamba sauti yake iko salama. Mwaka jana maktaba ilibadilisha mfumo, ramani ikafungiwa humo, ikatoweka mtandaoni. Alikwenda kuuliza, akaambiwa arudi. Aliporudi, mhusika alikuwa likizo. Mhusika alipotoka likizo, suala lilikuwa kwenye kamati. Inauma kuandika haya kwenye wasifu wa mtu, lakini ndivyo mwaka wake wa mwisho ulivyokwenda, na familia haitaupaka rangi.

Figo zilianza kumsumbua mwezi Januari. Akiwa wodini, alimwomba muuguzi wa zamu amfungulie ramani kwenye simu.

"Mwalimu, inasema ukurasa haupatikani."

"Jaribu tena, mwanangu. Nataka kumsikia mama tu."

Wauguzi walijaribu zamu baada ya zamu. Alifariki dunia tarehe 3 Juni, mkewe amemshika mkono, bila kumsikia mama.

Ameacha mjane, binti, mtoto wa kiume, wajukuu watatu, na mdogo wake wa kike anayewasomea wasifu huu. Mkurugenzi wa maktaba ametuma shada la maua na taarifa kwamba atakuwepo leo. Familia inamshukuru. Bwana mkurugenzi, kaka yetu hatakuja tena ofisini kwako. Sauti ya mama yetu bado iko huko.

Kaka apumzike kwa amani. Wewe usipumzike mpaka umeifungua.