Bendi Isiyofukuza Mtu

Benchi ni langu, lakini makalio yanayolichakaza si yangu. Liko mbele ya kibanda changu cha kushona viatu, miguu mitatu ya mbao na wa nne tofali, na kila jioni wazee wawili wa Chuma Moto hulikalia kama wamelirithi. Chuma Moto ilikuwa bendi ya roki ya mtaa huu, enzi za magitaa ya umeme na nywele za mabegani, watu wakivunja viti ukumbini kwa raha zao. Kishindo alipiga ngoma. Sasa anaziba pancha. Besi alipiga gitaa la besi. Sasa ni karani mstaafu. Wa tatu ni kinyozi, tunamwita Wakili kwa sababu ya mdomo. Hakuwahi kupiga hata filimbi, ila habari za bendi anazijua kuliko waliokuwamo. Mimi napaka gundi na kumimina kahawa. Alhamisi ile ubishi ulikuwa ule ule wa siku zote: bendi iliuawa na nini?

BESI: Ilikufa alipoondoka Kucha. Gitaa la mbele ni yeye, sauti ni yeye. Na aliyeianzisha ni yeye, tuseme kweli.

KISHINDO: Kichwa kikubwa yule! Kila wimbo anataka kupiga peke yake, mimi mikono inakufa ganzi. Nikimwambia apunguze, anaongeza sauti ya spika. Ndiyo maana wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

FUNDI: Hapo methali imeingiaje?

KISHINDO: Imeingia kwa mlango. Mimina kahawa.

WAKILI: Nyie hamjui kitu. Chanzo ni dada yake Besi. Kucha alimtungia wimbo. Mpiga kinanda naye akamtungia wimbo ule ule, kabadilisha ubeti wa mwisho tu!

BESI: Dada yangu roki alikuwa haipendi. Tukipiga anaziba masikio kwa pamba.

WAKILI: Ehe! Pamba ya nini kama hana la kuficha? Mapenzi ni kikohozi, bwana.

KISHINDO: Tulieni niwape zito. Mnalikumbuka lile spika tulilopewa zawadi na bendi ya ng'ambo ya reli? Tangu liingie, ugomvi haukwisha. Mle ndani mlikuwa na kitu.

BESI: Mlikuwa na panya.

KISHINDO: Panya gani anakula waya mwekundu, mweusi anauacha? Yule alitumwa!

WAKILI: Na mpiga kinanda alikuwa anampelekea karanga, nimemwona kwa macho yangu. Panya, kinanda, dada. Unganisheni wenyewe.

Nilicheka hadi sindano ikanichoma kidole.

FUNDI: Haya, waya umeliwa. Lakini Kucha mlimfukuza, au aliacha mwenyewe?

BESI: Fundi, tuheshimiane. Chuma Moto haijawahi kumfukuza mtu. Sisi tulikuwa waungwana.

FUNDI: Na wale wapiga gitaa wote waliopita? Na waimbaji?

BESI: Tuliwahama.

FUNDI: Mliwahama vipi?

KISHINDO: Mkimchoka mtu, mnahamisha mazoezi, yeye hamumwambii. Alhamisi anakuja na gitaa lake, anakuta kufuli. Anajiongeza. Hakuna matusi, hakuna kukunjana mashati.

BESI: Kucha tulimhama kutoka karakana ya seremala kwenda ghala la simenti. Aliyefuata tukamhama ghalani, tukaenda chumba cha nyuma cha baa. Yule mwimbaji mwenye pengo tukamhama kwa kurudi karakana, maana huko hakufikiria kabisa!

WAKILI: Akili hizo!

KISHINDO: Na mimi mlinihama, Besi. Usidhani nimesahau. Nilisukuma ngoma zangu kwa mkokoteni mpaka mlango wa baa, nikakuta kufuli.

BESI: Aa, wewe hukuhamwa na mimi. Ni mpiga kinanda yule.

KISHINDO: Na siku hiyo wewe ulikuwa unapigia wapi?

Besi akapuliza kahawa iliyokwishapoa. Tukaangua kicheko, hata Kishindo mwenyewe. Mimi ndiye niliyecheka kwa sauti kuliko wote, na nadhani kicheko hicho ndicho kilichomwelekeza yule mwanamke kwetu. Alivuka barabara akiwa na sare ya duka la dawa. Ng'ambo alimwacha mzee mmoja, amevaa jaketi la ngozi kwenye joto lile, mkononi ana mkoba wa gitaa.

MWANAMKE: Shikamooni, wazee wangu.

SOTE: Marahaba, mwanangu.

MWANAMKE: Nimeambiwa wazee wa Chuma Moto hukaa hapa. Mimi ni binti yake Kucha.

Besi akaweka kikombe chini.

MWANAMKE: Baba siku hizi anasahau. Mimi mwenyewe ananiita dada. Lakini Alhamisi haisahau. Anaoga, ananyoa ndevu, anachukua gitaa, anakwenda kwenye ile karakana ya seremala. Pale sasa ni duka la vigae. Anakaa ngazini mpaka wanafunga. Nikimwambia baba, bendi ilishakwisha, walikuacha, anakasirika. Anasema, wangeniacha wangeniambia, wale ni ndugu zangu. Wamehama tu.

Akageuka kumtazama baba yake kule ng'ambo.

MWANAMKE: Sasa kila Alhamisi ananiuliza swali moja, na mimi sina jibu. Naomba mnisaidie, wazee wangu. Mazoezi yamehamia wapi?

Vidole vya Kishindo, ambavyo havijawahi kuacha kugonga ubao wa benchi langu, viliacha. Wakili alikuwa anakagua kandambili zake. Besi alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Aibu ilinipata mimi niliyecheka tu, sembuse wao.

Yule mzee akapaza sauti kutoka ng'ambo, sauti ambayo bado ilikuwa nzuri:

— Dada! Ndio wao? Hebu waulize kama nimechelewa sana!

Binti akatutazama, mmoja mmoja. Kishindo akasogea upande wake, Besi akasogea upande wake, pakapatikana pa mtu mmoja katikati ya benchi. Lakini hakuna aliyeinua mkono kumwita. Likapita lori, likapita basi, na kila barabara ilipokuwa nyeupe tulimwona palepale, anatutabasamia, ameshaanza kufungua mkoba wa gitaa.