Mlango wa Stoo

Tarehe mosi Disemba, Jumapili ya kwanza ya Majilio, saa nne asubuhi, tukiwa hatujavua hata nguo za kanisani, baba yenu aliingia stoo kutafuta brashi ya rangi, na hakutoka akiwa hai. Sikilizeni, wanangu. Sauti iliyonibakia ni ndogo, lakini jambo hili hatujawahi kulisema tukiwa pamoja, na ninaogopa kuondoka nalo.

Mnajua tulivyofanya kila Majilio. Sebule tunaipaka rangi, mapazia tunayafua, na kila kisichopendeza tunakisukumia stoo, tunafunga, tunasema sasa Bwana aje. Ndivyo nilivyolelewa, nami nikawalea hivyo hivyo. Mwaka ule wewe Fundi ulikuwa umetupa mle injini yako mbovu, na wewe Kinyozi kiti chako cha chuma, kwa sababu mlikuwa mkigombea chumba cha biashara cha mbele na baba yenu alikuwa amekifunga mpaka mpatane.

Vitu vile vikamwangukia, vikalala nyuma ya mlango. Tulimsikia akiita. Nanyi hapo mlangoni, "Kiti chako hicho, bwana mkubwa!" "Na hilo lidude lako la grisi je, si ndilo limeziba?" Kila mmoja akingoja mwenzake atangulize bega. Mlipokuja kusukuma pamoja, alikuwa amenyamaza.

Usiniambie nipumzike, Kinyozi. Nitapumzika sana.

Tangu siku ile neno Majilio linanitetemesha. Wenzangu wakilisikia wanaona hori na mtoto mchanga. Mimi nasikia kuna anayekuja. Katekista alitufundisha kwamba majuma haya tunangoja kuzaliwa kwake na kurudi kwake pia, nami nikashika lile la kwanza tu, maana mtoto mchanga hamtishi mtu. Sasa naogopa kwamba akija hataketi sebuleni kusifu mapazia. Atapita moja kwa moja hadi tulikoficha, asukume, na mlango ukatae kwa sababu ya mliyoyarundika ninyi wawili. Kufa hakunitishi sana. Kinachonitisha ni kuulizwa, "Wale wanao umewaachaje?"

Basi nasema, na jirani yetu fundi cherehani aliyeketi hapo ni shahidi. Nyumba hii ni yenu wote wawili. Isiuzwe, wala isikatwe katikati kwa ukuta. Chumba cha mbele mkitumie pamoja, la sivyo kibaki kimefungwa. Krismasi hii msipake rangi. Leo hii, kabla jua halijazama, ingieni stoo mtoe vile vitu vilivyobaki mle tangu siku ile. Fundi, wewe beba kiti. Kinyozi, wewe shika injini, na grisi ikuchafue shati. Mkimaliza ndipo mseme Bwana aje, naye atawasikia.

Sasa mpe mkono ndugu yako, Fundi. Siyo mimi, baba, yeye. Mmeshikana? Macho yangu yamepata ukungu. Semeni basi, nisikie... Haya. Haya, wanangu. Mungu awatunze, awape kungoja bila hofu kama hii yangu.

Inamisheni vichwa. Ee Bwana, mume wangu alituita, tukachelewa. Wewe usichelewe. Mfungulie, mwangazie uso wako, mpumzishe na uchungu wa siku ile... mpumzishe, Bwana... amina.